Mjadala: Je, On the Road inayasifu maisha ya kiguu na njia?

Hoja inayorudiwa mara kwa mara kuhusu On the Road, riwaya ya Jack Kerouac iliyotoka mwaka 1957, ni kwamba kitabu kile kinawaita vijana waache kazi, wazazi na wake zao, washike njia. Wanaokipenda wanakisifu kwa sababu hiyo, na wanaokichukia wanakilaumu kwa sababu hiyohiyo. Mimi nazipinga pande zote mbili. Wahusika wa riwaya hii hawana msimamo mmoja juu ya kutangatanga, na msomaji akiwasikiliza wote, asimsikilize Dean Moriarty, rafiki wa msimulizi, peke yake, ataona kwamba kinachoulizwa tangu mwanzo hadi mwisho ni nani anayebeba gharama ya safari.

Dean hawezi kutulia mahali. Ni mtoto wa mlevi asiye na makao, aliyekulia katika mitaa ya walalahoi ya Denver na katika jela za watoto, kwa hiyo barabara ndiyo malezi aliyoyajua. Sal Paradise, msimulizi, ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anaondoka kwa shangazi yake New Jersey akiwa na dola 50 mfukoni, na safari inapomshinda anarudi kwa shangazi yuleyule, amekonda kwa njaa, akala kila anachokikuta jikoni. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na Sal ana ngama ya kurejea. Dean hana.

Sehemu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, ingawa wachambuzi wengi huipita haraka, ni ile ya Terry, mama kijana wa asili ya Meksiko ambaye Sal anakutana naye California. Wanaishi kwenye hema na mtoto wa Terry, wakichuma pamba. Vidole vya Sal vinatoka damu, mgongo unauma, na jioni anakuwa ameambulia takriban dola moja na nusu, zinazoishia kwenye chakula. Anaandika kwa furaha kuhusu maisha hayo, nami naamini furaha yake ni ya kweli. Lakini baridi ya Oktoba inapoingia yeye anaondoka, na Terry anabaki na mwanawe. Kwa watu wa Terry, kuhamahama ni kufuata mavuno ili familia ipate kula. Riwaya inayoweka misafara hiyo miwili bega kwa bega haiwezi kuitwa sifa tupu kwa uzururaji.

Kisha yupo Galatea Dunkel. Mumewe na Dean walimtelekeza hotelini Tucson fedha zake zilipokwisha, fedha zilezile zilizokuwa zikiwasafirisha. Baadaye, huko San Francisco, anamkabili Dean mbele ya watu, anamwambia kwamba kwa miaka mingi hajamwajibikia mtu yeyote, na anamkumbusha Camille, mkewe, na mtoto wao. Dean anasimama katikati ya chumba akichekacheka, jasho likimtoka, kidole gumba kimefungwa bandeji chafu kwa sababu alikivunja alipompiga Marylou, mke wake wa kwanza.

Najua nitajibiwa kwamba Sal anamtetea, na ni kweli. Lakini tuutazame utetezi wenyewe: anasema Dean ana siri ambayo kila mmoja wao anatamani kuijua. Kuhusu mke na mtoto hasemi lolote la kuipangua hoja ya Galatea, na ni Sal huyohuyo, kama msimulizi, aliyeamua tuyasikie maneno ya mwanamke huyo kwa urefu. Hata Carlo Marx, rafiki wa karibu wa Sal na Dean, anapowauliza safari yao ina maana gani, hawana la kumjibu.

Mwisho, katika jiji la Mexico, Sal anaugua tumbo la kuhara, naye Dean, akiisha kupata hati zake za talaka, anamwacha kitandani na homa. Sal akipona anakiri kwamba rafiki yake alimtenda vibaya, na papo hapo anajaribu kumwelewa. Anayeshikilia kwamba kitabu hiki kinatuita tushike njia anieleze anaisomaje sura hiyo, ambamo msimulizi aliyemtetea Dean mbele ya Galatea anatendwa vilevile alivyotendwa Galatea.