Kiongozi cha mwalimu kifuatwe neno kwa neno, au mwalimu aamue?

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, Ngaramtoni:
Walimu wenzangu, programu za kusoma siku hizi zinakuja na kiongozi, yaani kitabu cha maelekezo, kinachomwandikia mwalimu hadi sentensi ya kutamka. Mimi nasema kasi aamue mwalimu. Kipindi ni dakika 30. Watoto 70 wakisoma "ba" mmoja mmoja, sekunde 20 kila mtu, dakika 23 zimekwisha na sentensi hawajaigusa.

Afisa Elimu Kata, Moshi Vijijini:
Kwenye kasi sina ubishi, Mwalimu. Tatizo, ruhusa hiyo ikishatoka, mpangilio wa herufi nao unavurugwa. Watoto waliofundishwa irabu na m, k, t tu wanaweza kusoma "Mama amekata miti" kwa kuunganisha silabi. Ukiwaletea hadithi ya ng'ombe wa babu, ng' na b hawazijui, basi watatazama picha na kukariri. Darasa zima litaimba ukurasa vizuri sana. Funika picha, gusa neno moja la katikati: kimya.

Mkufunzi wa ualimu, Moshi:
Mpangilio usiguswe, naungana na Afisa. Lakini kuna jambo ambalo kiongozi hakiwezi kulisikia. Kimaasai hakina sauti z, kwa hiyo mtoto wa Longido anaweza kusoma "zawadi" akatamka "sawadi". Kiongozi kinasema msahihishe, arudie. Kwanza jua kosa liko wapi! Andika "sa" na "za" ubaoni, tamka "za", aonyeshe. Akionyesha sawasawa, herufi anaijua, ni ulimi tu haujazoea. Mwache aendelee na sentensi. Akikosea, ashike koo lake: kwenye z linatetemeka, kwenye s limetulia. Hapo kumrudisha mwanzo wa somo ni kumwonea.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, Ngaramtoni:
Ahsante, Mkufunzi. Basi kwenye kasi napendekeza hivi: wasome wawili wawili, na Ijumaa mwalimu asikilize 10, wapya kila wiki, asichague wanaonyoosha mikono. Wakikwama zaidi ya 3, herufi mpya isubiri.

Afisa Elimu Kata, Moshi Vijijini:
Sawa, ila uamuzi huo uandikwe kwenye andalio la somo, sehemu ya maoni: herufi gani, wangapi wamekwama, marudio siku ngapi. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akikuta umebaki nyuma ya azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha) bila maandishi, ataandika kwamba hufundishi.