Acheni kumcheka "msanii wa wimbo mmoja" kama hamjui hela ya wimbo inapita wapi

Wakuu, nimechoka. Mtangazaji akipiga kidandali (pop yetu ya Uganda) cha zamani, lazima atupie na dongo: "Huyu naye alitoa mmoja akafulia." Simu zinaanza kumiminika. Mara pombe, mara sifa zilimlevya, mara kalogwa na mwenzake. Hakuna hata mmoja anayeuliza alisaini nini.

Natoa mfano wa mbali, nisitaje mtu wa Kampala tukaburuzana mahakamani.

Macarena. Mnaujua, kwenye harusi zetu bado unapigwa, saa ile keki imeshakatwa na mashangazi wamevua viatu. Mwaka 2002 televisheni ya VH1 ya Marekani iliuweka namba moja kwenye orodha ya nyimbo za wasanii wa wimbo mmoja. Tangu hapo hadithi ni ileile: wazee wawili wa Hispania waliookota bahati barabarani.

Uongo. Antonio Romero na Rafael Ruiz, wenyeji wa Dos Hermanas karibu na Sevilla, walikuwa wanaimba pamoja tangu 1962. Miaka thelathini! Mwaka 1992 walikuwa Venezuela, wakamwona mchezaji wa flamenko, Diana Patricia Cubillán, na Romero akamrushia maneno ya kumsifu palepale. Maneno hayo ndiyo yakawa kiitikio. Wimbo ulitoka 1993, na beti zote zilikuwa za Kihispania.

Mnaouchezea nyinyi siyo huo. Ni ule wa Miami wa 1995. DJ Johnny Caride wa redio ya Power 96 aliutaka, ila redio yake haikupiga nyimbo zisizo na Kiingereza. Akawatafuta Carlos de Yarza na Mike Triay, wale Bayside Boys, wakaweka biti mpya na beti za Kiingereza. Agosti 1996 ukashika namba moja Marekani, ukakaa hapo wiki 14.

Sasa sikilizeni hizo beti za Kiingereza. Sauti ya yule dada anayejisimulia kama Macarena ni ya Patricia Alfaro, aliyejulikana kwa jina la Carla Vanessa. Alilipwa ujira wa kuingia studio, basi. Mrabaha, yaani mgao wa hela kila wimbo unapotumika, hana. Na kile kicheko kimekatwa kutoka wimbo wa 1982 wa kundi la Yazoo la Uingereza, ni cha mwimbaji wao Alison Moyet. Wimbo mmoja, na ndani yake mna watunzi wawili, watengeneza biti, mwimbaji wa kulipwa mara moja, na kicheko cha mtu ambaye hata studioni hakuwepo. Halafu mnasema "msanii" kana kwamba ni mtu mmoja!

Kwetu Uganda ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba hata hiyo karatasi ya ujira haipo. Dada wa kiitikio anaitwa usiku, anapewa nauli ya boda na chipsi, anaimba mistari minne ambayo ndiyo itakayobeba wimbo wote. Wimbo unalipuka. Jina lake halipo popote.

Shika hili kwanza: wimbo una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi, yaani sauti yenyewe iliyonaswa. Kila moja ina mwenyewe na hela yake. Ukiuza rekodi hujauza utunzi, isipokuwa umesaini hivyo, na wengi wamesaini hivyo bila kujua. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inasema kazi iliyoagizwa ni ya aliyeiagiza, kama hakuna mkataba unaosema vingine. Sasa yule bosi aliyelipia studio akija kesho na risiti mkononi, utamjibu nini?

Dawa ni karatasi ya migao, ijazwe KABLA maiki haijawashwa. Majina ya kwenye kitambulisho cha taifa, siyo ya jukwaani. Nani katunga mahadhi, nani maneno, nani biti. Asilimia zijumlike 100: tuseme 50 mtunzi, 30 prodyuza, 20 dada wa kiitikio. Sahihi na tarehe. Inapoharibikia ni pale mtu wa verse anapoongezwa baada ya wiki mbili, anaahidiwa 15 kwa mdomo, na hakuna aliyepunguziwa. Jumla inakuwa 115. Ukipeleka UPRS, chama kinachokusanya mrabaha wa wanamuziki, hesabu kama hiyo, unapeleka ugomvi. Cheti cha URSB, ofisi ya serikali inayosajili hakimiliki, nacho ni ushahidi tu, haki inaanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Ila siku ya kesi utakitafuta kwa tochi.

Halafu ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi. Ina herufi na tarakimu 12, na kila rekodi ina yake moja. Rimiksi inapata mpya. Kupandisha upya rekodi ileile mtandaoni hakuhitaji mpya. Wakigombana, prodyuza anapandisha kwa msambazaji huyu, msanii kwa yule. Namba mbili, wasikilizaji wamegawanyika, na YouTube kila mmoja anamdai mwenzake. Hela inashikiliwa mpaka wapatane. Hapo ndipo wimbo wa pili unapofia: hela ya studio imekwama ndani ya wimbo wa kwanza.

Biti ya kukodi mtandaoni ni balaa jingine. Leseni ya bei ya chini ina kikomo cha wasikilizaji, na mara nyingi inakukataza kuisajili Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo na wenye nazo, kwa sababu biti hiyohiyo wamekodi wengine. Ukiisajili, unawadai wenzako kwa kitu kisicho chako.

Kolatuni, ule wimbo anaousikia anayekupigia simu, siigusi leo. Kati ya mwimbaji na kampuni ya simu amekaa mtu wa kati, na mkataba anao yeye.

#2
Mleta uzi, nakuunga mkono, ila umesahau mafaili. Wengi wanatoka studio na MP3 moja kwenye simu. Likija tangazo linataka wimbo bila sauti, hakuna cha kutoa, na kompyuta ya studio ilishakufa zamani. Siku ya kulipa salio chukua WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya 24-bit, kila chombo faili lake, zote zianzie sekunde ya sifuri hata kama chombo kinaingia katikati. Zisipoanzia pamoja utazipanga mpaka uchanganyikiwe. Weka nakala sehemu mbili.

#3
Maneno mengi. Wengine kipaji kimeisha tu, karatasi haitungi wimbo wa pili.

Mleta uzi
Mkuu #3, kawatafute The Winstons. Mwaka 1969 wimbo wao "Color Him Father" ulifika namba 7 Marekani, ukapata na Grammy. Wimbo mmoja, wakapotea. Ila upande wa pili wa santuri hiyo kuna "Amen, Brother", na katikati yake ngoma peke yake, baa nne, sekunde kama sita, mpigaji Gregory Coleman. Kipande hicho kimekatwa na kubandikwa kwenye nyimbo maelfu. Jungle nzima, muziki wa klabu wa Uingereza, imesimama juu yake. Coleman alifariki 2006 akiwa hana makazi. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, ndiye aliyekuwa na haki za wimbo, na hakulipwa mrabaha wa kipande hicho mpaka mashabiki walipomchangia pauni elfu 24 hivi mwaka 2015. Hao kipaji kiliwaishia saa ngapi?

Na mwenye karatasi ya migao iliyoandikwa kwa Kiswahili aiweke hapa tafadhali. Zilizopo ni za Kiingereza cha mawakili, na vijana wa Arua na Kasese wanazisaini kwenye boneti ya gari.