Mrejesho: maumivu ya nyonga baada ya kuanza kutembea kila asubuhi

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu nyonga ya kulia iliyoanza kuniuma upande wa nje, pale mfupa unapojitokeza, muda mfupi baada ya kujiwekea ratiba ya kutembea kila asubuhi kutoka stesheni ya reli ya Kigoma kupanda mlima hadi eneo la Mwanga. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Ushauri ulionisaidia kuliko wote ni ule wa kuacha kulalia upande unaouma na kuweka mto katikati ya magoti, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), goti la juu linapoangukia mbele wakati wa kulala ubavu, kano za misuli ya makalio hubanwa kwenye mfupa. Usingizi ulirudi kabla hata maumivu ya mchana hayajapungua. Mlima nao niliuacha, nikahamia sehemu tambarare za barabara ya Ujiji kwa mwendo mfupi, huku nikifanya zoezi la kulala chali, kukunja magoti na kuinua kiuno taratibu.

Kujinyoosha kwa kuvuta goti kuelekea bega la upande wa pili, hata hivyo, kuliniongezea maumivu, na mtaalamu akanishauri niache. Dawa ya kuchua ilinipa nafuu ya saa chache tu.

Sasa natembea kwenye tambarare bila kuchechemea. Kupanda Mwanga bado kunaniuma ifikapo jioni, hivyo naendelea na mazoezi na nitarudi kwa mtaalamu mwezi ujao.