Jiji limepeleka ombi langu la ripoti kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas: je, nimenyimwa?

Mpangaji wa Texas:
Wanajukwaa, salaam. Niliuandikia uongozi wa jiji letu kwa barua pepe, nikiomba nakala za ripoti za ukaguzi wa jengo tunalopanga, kwa kuwa kuta zinaota ukungu na mwenye nyumba anashikilia kwamba wakaguzi hawakuona kasoro yoyote. Badala ya ripoti nimeletewa barua kwamba wameomba uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Je, ndiyo nimekataliwa?

Karani Mstaafu:
Ndugu, bado hujakataliwa. Kwa sheria ya Texas, ofisi inayotaka kuzuia nyaraka kwa kawaida haijiamulii yenyewe, bali hulazimika kuomba uamuzi huo ndani ya siku 10 za kazi tangu ilipopokea ombi, na ikichelewa, nyaraka huhesabiwa kuwa za wazi mpaka itoe sababu nzito ya kuzificha. Kwa hiyo linganisha kwanza tarehe ya barua pepe yako na tarehe waliyopeleka maombi yao. Mwanasheria Mkuu naye ana siku 45 za kazi, anazoweza kuongeza 10, na katika muda huo unaruhusiwa kumwandikia hoja zako mwenyewe. Mwandikie, usikae tu ukisubiri.

Mpangaji wa Texas:
Ahsante sana, mzee wangu. Je, wakinitoza fedha nyingi? Tena karani mmoja aliniuliza ripoti hizo ninazitakia nini.

Karani Mstaafu:
Swali hilo sheria inamkataza kuliuliza. Nakala ya kawaida ni senti 10 kwa ukurasa, na gharama ikipita dola 40 ni lazima wakuletee makadirio yenye mchanganuo. Hayo uyajibu ndani ya siku 10 za kazi, la sivyo ombi huhesabiwa kuwa umeliondoa.

Msomaji wa Virginia:
Naongeza kwa walio majimbo mengine: msitaje ile sheria ya shirikisho ya uhuru wa habari (FOIA) ya 1966, kwani haizibani ofisi za majimbo wala za miji. Huku Virginia ofisi inaweza kumkatalia mwombaji asiye raia wa jimbo hili, na Mahakama Kuu ya Marekani iliukubali utaratibu huo mwaka 2013. Ohio nako hakuna idadi maalumu ya siku za kutoa nakala. Sheria inadai tu zitolewe kwa muda wa kuridhisha, hivyo aliyeko Columbus asiwadai siku 10 za Texas.