Wakuu naomba ushauri: Januari tunarudi milimani Texas kuwinda kondoo-mwitu, ila safari iliyopita nusura tumpoteze mwenzetu

Wakuu habari zenu. Mimi mtu wa Tanga, niko Houston mwaka wa tisa huu. Kila winta tunatoka washkaji wanne, tunaendesha kama masaa tisa kwenda Texas ya magharibi, milima ya Davis, kuwinda audadi. Kwa wasiomjua huyu ni kondoo-mwitu wa kwetu Afrika, asili yake milima ya Atlas na majabali ya Sahara, walimwachia kule korongo la Palo Duro, kaskazini mwa Texas, miaka ya 1957 na 58 akazaana akasambaa. Kisheria anahesabika mgeni kwa hiyo kwenye ardhi ya mtu binafsi hana msimu wa kufungwa, ukiwa na leseni na ruhusa ya mwenye ranchi unaingia. Rangi ya mchanga mtupu, akisimama kwenye mwamba asipotikisika humwoni, na dume lina manyoya yananing'inia toka kooni mpaka kwenye magoti ya mbele.

Sasa Januari iliyopita, siku ya mwisho, tumekaa na kundi toka asubuhi halitupi nafasi, ikafika saa kumi na moja jioni jua linaelekea kuzama ndo dume likatokea upande wa pili wa korongo, mshkaji wetu akapiga. Nilisikia risasi imeingia lakini mlio ulikuwa wa tumboni, sio ule wa kifuani. Likayumba likapanda juu. Tukalifuata. Damu kidogo, ya rangi ya ugoro, na tochi moja watu wanne. Mvua ya barafu ikaanza, mwenzetu kavaa jinzi zikaloa, mara anajikwaa, mara nikimwita jina anajibu kitu hakieleweki, halafu akaacha kutetemeka, mimi nikafurahi nikajua amepata joto. Bahati mkubwa wetu akasema hapana, tunashuka. Tulimbeba kwa zamu mpaka kwenye gari, saa nne usiku.

Yule kondoo hatukumpata. Asubuhi tulirudi mpaka saa sita, mvua imeosha kila kitu. Mpaka leo nikilala namuona anavyopanda lile jabali.

Sasa wenzangu wanataka turudi, tena na kijana mpya yuko kwa visa ya mwanafunzi. Naomba ushauri, twende au tuache? Na tukienda twende vipi?

mkongwe_wa_darubini
Mkuu pole sana, na nikushukuru umeandika wazi. Nimewinda huko winta nyingi. Kosa lenu halikuwa kumfuata, kosa lilikuwa ile risasi ya saa kumi na moja. Sisi kwetu ikifika saa tisa na nusu alasiri kama hujamnyatia tayari bunduki inatolewa risasi, hata litokee dume la maisha yako. Maana audadi ni mgumu kufa, mwili mkubwa na anatembea na jeraha ambalo swala angelala hapo hapo. Risasi ya tumboni unakaa chini masaa kadhaa umwache alale mwenyewe, ukimkimbiza anapanda pasipopandika, na ukishapiga jioni hayo masaa huna.

Moyo wake uko chini na mbele, mtu akilenga katikati ya mwili kama anavyoona anapiga utumbo, lenga juu ya mguu wa mbele, theluthi ya chini. Kingine jike naye ana pembe nene, ukitaka kujua dume usikimbilie pembe, tazama shingo na yale manyoya ya miguuni.

Na upepo: asubuhi jua likishapasha miamba hewa inapanda, jioni inashuka, kwa hiyo mchana uwe juu yake. Macho yake usiyachezee, ukimuona anakutazama jua alishakuona zamani.

nesi_wa_zamu
Mdogo wangu ulivyosema "akaacha kutetemeka nikafurahi" nimeshika kifua. Hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Mwili ukipoa kwanza unatetemeka, ukiishiwa nguvu ya kutetemeka ndo unaelekea kuzima. Ulimi mzito, kujikwaa, mtu anasema yuko sawa na hayuko sawa, hapo uwindaji umeisha. Mvueni nguo mbichi, mlazeni juu ya kitu asiguse ardhi, joto liwe kifuani na kwapani, mfunikeni na kichwa, msimsugue mikono na miguu, pombe marufuku. Uji au chai ya sukari ya moto mpeni akiwa macho kabisa na anameza vizuri. Na asitembezwe kwa nguvu, mlifanya vyema kumbeba.

Jinzi na fulana za pamba ziacheni Houston. Sufu ndani, koti la kuzuia upepo nje, soksi za akiba kwenye mfuko wa nailoni, kila mtu tochi yake ya kichwani na betri nyingine. Netiweki huko hakuna, kodini kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na mtu mmoja nyumbani ajue mko korongo gani na mtarudi saa ngapi.

mkenya_dallas
Boss hiyo ya kijana wa visa usiipuuze. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu wa visa ya muda kuwa na bunduki au hata risasi, lakini kuna ruhusa kama ana leseni halali ya uwindaji ya jimbo. So leseni kwanza, bunduki baadaye, na awe nayo mfukoni. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilimuuliza wakili wa uhamiaji kabla sijagusa kitu, na yeye afanye hivyo. Asiye na ukaazi halali asiishike bunduki kabisa, hata kumbebea mwenzake. Pia leseni za Texas zinakufa tarehe 31 Agosti, zile za Januari iliyopita hazifai. Na kama amezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 anahitaji kozi ya usalama wa uwindaji, inafanyika mtandaoni.

Halafu mvae buti ngumu, ile lechuguilla ni ndugu wa mkonge, ncha yake inatoboa hadi tairi.

mtanga_mwenzio
Mkonge tunaujua huo hahaa. Nyama yake mkuu, wanaosema hailiki hawajui kupika. Ipake papai bichi na tangawizi usiku mzima, chemsha taratibu, mchuzi wa nazi. Dume zee linanuka kidogo, jike ni tamu.

ustadh_wa_pwani
Kaka, kama mnakula kwa halali: bismillahi unapofyatua, ukimkuta hai unamchinja, ukimkuta amekufa kwa risasi yako ni halali. Akiporomoka kwenye genge na hujui kimemuua nini, wengi wanasema aachwe, kwa hiyo usimpige akiwa ukingoni. Na huyo mliyemwacha, mliacha mnyama mkaokoa mtu. Usijibebeshe lawama ya kushuka. Kinachokusumbua ni ile risasi, na hiyo iko mikononi mwenu safari ijayo.

mwanzisha uzi
Wakuu nimesoma kila neno, asanteni sana. Nimewapigia wenzangu. Nimewaambia naenda kwa sharti la saa tisa na nusu na kwamba yeyote akisema tunashuka, tunashuka. Wawili wamekubali. Yule aliyepiga alikaa kimya kwenye simu muda mrefu, halafu akaniuliza zile soksi za sufu nilinunua duka gani. Dada nesi, kile kifaa cha setilaiti nimeshakodi.