Naomba ushauri: Nimejitolea kuendesha kurasa za shirika la haki za uzazi, hii video niiweke saa ngapi iwafikie wengi?

Binti_Igoma (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Najitolea kwenye shirika dogo la haki za wajawazito na waliojifungua, hapa Mwanza. Nashika Facebook, Instagram na inboksi. Mshahara hakuna, napewa nauli na bando. Kurasa zimelala kabisa: wafuasi 1,900 lakini posti ikiwafikia watu 150 tunashukuru. Mabango ya "Haki yako mama" hayaendi popote.

Sasa tuna video ya dakika mbili na nusu ambayo naamini itatutoa. Ijumaa wafadhili wanakuja na mkurugenzi anataka wakute kurasa ziko hai. Niiweke saa ngapi? Na tangazo nilipie shilingi ngapi? Nisaidieni haraka, usingizi sipati.

Fundi_Kurasa
Saa usituulize sisi, fungua takwimu za ukurasa wako uone wafuasi wapo hewani lini. Kurasa za kinamama mara nyingi zinachangamka jioni, watu wameshakula na watoto wamelala, lakini wako wanaweza kuwa tofauti.

Dakika mbili na nusu ni ndefu. Kata ibaki chini ya sekunde 60, umbo la wima 1080 kwa 1920. Sekunde tatu za kwanza ziwe na maneno yenyewe, si nembo ya shirika ikizunguka. Weka maandishi ya Kiswahili chini kwa sababu wengi wanatazama bila sauti, wako kwenye daladala au kazini. Halafu toa kopi nyepesi isiyozidi MB 16 kwa ajili ya magrupu ya WhatsApp, maana huko ndiko kinamama wenyewe waliko. Tangazo usilipie kabla hujaona posti imekwendaje bila hela.

Nyamagana Kwetu
Mimi nauliza la posho. Una mkataba wa kujitolea? Uwe na ukurasa mmoja unaosema saa zako kwa wiki, nani anakusimamia, bando na nauli zinalipwa lini, na ukiondoka unakabidhi nini. Bila hivyo utakuwa unajibu inboksi saa nane usiku na hakuna anayekujua.

Na hizo kurasa zimefunguliwa kwa laini ya nani? Kama ni laini yako iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, siku mkikosana shirika halina ukurasa, na siku posti ikileta kesi anatafutwa mwenye namba. Ziwe kwenye akaunti ya biashara ya shirika, wasimamizi wakuu wawili wa kudumu, wewe upewe nafasi ya kuandika na kujibu tu. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, zile namba za akiba zichapwe zikae kabatini ofisini.

KalamuNyekundu
Dada, hayo yote yana nafasi yake. Ila hujasema video ina nini.

Binti_Igoma
Ni ushuhuda wa kawaida, mkuu. Mzazi anaeleza alivyotendewa wodini. Amekubali mwenyewe. Mimi swali langu ni muda tu.

KalamuNyekundu
Hakuna ushuhuda wa kawaida wa wodini. Nani alirekodi? Wapi? Amekubali kwa mdomo au kwa maandishi? Lini, akiwa kwenye hali gani? Anatambulika kwa lipi? Ana umri gani?

Binti_Igoma
Mama yake mdogo alirekodi wodini, amelazwa chini kwenye godoro. Anasema alizabwa kofi na akadaiwa hela ya glavu. Amekubali kwa mdomo, mama mdogo akiwepo. Uso nimeuziba kwa emoji. Kituo sijakitaja. Mkurugenzi ameiona akasema ni nzito, iende. Nimeshaipangia muda, Ijumaa saa nane mchana, ili wafadhili wakifika iwe imeshaanza kutembea. Kwa hiyo sioni tatizo liko wapi.

Fundi_Kurasa
Emoji ndiyo tatizo la kwanza. Akigeuza kichwa inachelewa, na fremu mbili tatu za uso wazi zinamtosha mtu kupiga picha ya skrini. Ipitishe fremu kwa fremu uone. Halafu achana na uso, tazama vingine: khanga, namba ya kitanda, rangi ya ukuta, kadi ya kliniki ya RCH 4 iliyowekwa kando, beji ya muuguzi anayepita nyuma, sauti za wazazi wengine ambao hawakuulizwa lolote. Mtu wa mtaani kwake atamjua kwa sauti na khanga kabla hajafika katikati. Na faili la asili likitumwa kama dokumenti huwa linabeba mahali na saa liliporekodiwa kama simu ilikuwa imewashwa hiyo huduma.

Webuye_254
Kwetu Kenya video ilisaidia, msimtishe sana. Kuna ile kesi ya Bungoma, mama aliyejifungulia sakafuni kwenye korido mwaka 2013, video ikasambaa. Mwaka 2018 Korti Kuu ikampa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Bila ile video nani angeamini?

Wakili wa Mtaa
Ndugu yangu wa Webuye, fidia ilitoka kortini, haikutoka kwa waliobonyeza "penda". Ushahidi ni kitu kimoja na posti ni kingine.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi kabla hujazichakata. "Alikubali mama mdogo akiwepo" haikusaidii. Na mwenye taarifa anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote, bila kutoa sababu. Taarifa za watoto nazo ni nyeti. Ndiyo maana umeulizwa umri, na naona umeruka hilo swali.

Binti_Igoma
Sikuruka, niliona si muhimu. Ana miaka 17. Ila anatimiza 18 hivi karibuni, ameshakuwa mama, anajielewa kuliko watu wazima wengi. Na nikimkatalia asiseme, si nami nitakuwa namnyamazisha kama walivyomnyamazisha kule wodini?

Mzee wa Kanda
Hapa ndipo tulipofika. Mtoto wa miaka 17 anazaa, mama mdogo anashika simu anarekodi, na shirika linatafuta wafuasi. Zamani mzazi alikuwa anafichwa siku arobaini, hata jirani hamwoni.

Kijiwe Nongwa
Mzee, zamani pia walikuwa wanazaa na 17, tofauti haikuwepo kamera. 😂

Wakili wa Mtaa
Binti, sikiliza. Chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, awe amezaa au hajazaa. Ujauzito wa umri huo unaweza kuwa na kesi ya jinai nyuma yake. Ukirusha video unaweza kumtangaza muathirika na kuiharibu kesi ambayo hata haijafunguliwa. Njia yake ni afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, shirika lenu limsindikize. Kumsikiliza na kumrusha hewani ni vitu viwili, usivichanganye ukajiita unamtetea.

Sukari Guru
Wakuu samahani, mimi nanusa chai. Mwanzo ilikuwa "video yetu". Kisha "ushuhuda wa kawaida". Kisha mama mdogo alirekodi wodini mtoto amelala godoroni, lakini huyohuyo mgonjwa anatulia anasimulia kofi na hela ya glavu dakika mbili na nusu, wauguzi wakiwa hapohapo? Akaunti imefunguliwa leo. Na kila akibanwa linatoka jambo zito kuliko la kwanza. Hawa ni shirika lenyewe, wanataka tuwaandikie sera ya ridhaa bure badala ya kumlipa mshauri.

Kijiwe Nongwa
Au mwanafunzi wa ustawi wa jamii ana kazi ya kuwasilisha Jumatatu. Binti, ni chuo gani? Weka hata maksi utakazopata tugawane.

Nyamagana Kwetu
Hapo kwenye wauguzi hata mimi nilisita.

Binti_Igoma
Jamani. Ni vipande viwili. Cha wodini ni sekunde arobaini, hakuna anayeongea, anaonekana tu pale chini. Simulizi nilirekodi mimi nyumbani kwao baada ya kuruhusiwa, nikaviunganisha. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani ina jina langu. Asiyeamini aache.

Sukari Guru
Jibu limechelewa robo saa. Chai inachemshwa.

KalamuNyekundu
Chai au si chai, mashirika yanayofanya hivyohivyo yapo, kwa hiyo naendelea. Na kama ni kweli, kuunganisha kumeongeza kosa. Mtazamaji ataamini anasimulia akiwa palepale sakafuni. Kituo kikikanusha kipande kimoja, vyote viwili vinaonekana vya kutunga, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa taarifa za uongo.

Fanya hivi. Faili asilia la wodini lisiguswe: lisikatwe, lisizibwe emoji, lisipitishwe kwenye WhatsApp kama video maana linabanwa. Libaki kwenye simu iliyorekodi, na kopi moja kwa mwanasheria wa shirika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini mahakama inapima ulivyotunzwa. Malalamiko yaandikwe: tarehe, saa, wodi, kilichosemwa, kiasi kilichodaiwa. Yaanzie kwa mganga mfawidhi wa kituo, yasipojibiwa yaende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. La kofi linaweza kupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Chukueni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja. Visanduku viwe tofauti kwa Facebook, kwa redio, kwa ripoti ya mfadhili, maana anayekubali ripoti si lazima amekubali Facebook. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi asiyetoka kwenu wala kituoni. Isisainiwe wodini. Mtu ana maumivu, ana deni, anadhani akikataa atanyimwa huduma, hiyo si hiari. Mpe wiki kadhaa, rudi, muulize upya. Kopi abaki nayo, pamoja na namba ya kupiga akibadili mawazo. Kwa huyu wa miaka 17, hata fomu ikisainiwa na mlezi, mimi nisingemrusha.

Binti_Igoma
Nimeiondoa kwenye ratiba, iko rasimu. Lakini mkurugenzi atasema nimemwangusha. Je, nikiweka sauti yake tu, picha iwe nyeusi?

Fundi_Kurasa
Kwanza hakikisha imetoka Facebook na Instagram zote mbili. Ukiwa umeipanga kila mahali kivyake, kuondoa moja hakuondoi ya pili.

Sauti ni uso. Ukiikoroga kwa programu, mwenye ujuzi kidogo anairudisha. Mkitaka kisa, chukueni mambo yanayojirudia kwa wazazi wengi waliokuja ofisini, yaandikwe upya bila kituo, bila tarehe, bila umri, asome mtu mwingine, na mseme wazi mwanzoni kwamba si mtu mmoja. Picha iwe mikono ikikunja kanga.

Wakili wa Mtaa
Na Ijumaa msikose cha kuonyesha. Mkataba wa heshima kwa mzazi wa White Ribbon Alliance, mtandao wa kimataifa wa kutetea wajawazito na wazazi, ulitoka 2011 ukiwa na haki saba, ukahuishwa 2019 zikawa kumi na mtoto mchanga akaingizwa. Haki moja kwa siku, sekunde 30, mkunga wenu aseme: kuulizwa ridhaa kabla ya kupimwa, pazia, kutozuiliwa kituoni kwa sababu ya deni. Wekeni na likizo ya uzazi: siku 84, mapacha 100, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Posti hizo watu huzihifadhi kwa ajili ya kumwonyesha bosi.

KalamuNyekundu
Na inboksi, ambayo hakuna aliyeigusa. Video ikitembea wataandika wenye damu inayotoka sasa hivi. Weka jibu la moja kwa moja linalotangulia kila kitu: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na kuona ukungu, degedege, homa kali, uso na mikono kuvimba, maji kuvuja kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza, nenda kituoni sasa, usisubiri kujibiwa hapa. Chini yake namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama, haina malipo. Wewe si mkunga, usitaje dawa wala kipimo. Usiombe picha ya kadi. Anayetaja jina la muuguzi kwenye maoni, ficha maoni yake, mwandikie pembeni umwelekeze pa kulalamikia.

Sukari Guru
Basi nakubali nusu. Mkurugenzi ameambiwa?

Binti_Igoma
Bado. Naandaa maneno. Nilitaka nianze na takwimu za vifo ili aone bado tuko makini.

Fundi_Kurasa
Za utafiti wa kitaifa wa 2022: vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 za utafiti wa 2015/16. Usizichanganye na makadirio ya Umoja wa Mataifa kwenye bango moja, hesabu zake ni nyingine. Na tafadhali, kwenye 104 usiweke alama ya asilimia.