Barua ya posa imeletwa, mama anasema Waislamu wanamtukana Yesu. Nimwambie nini?

Kijana wa Tukuyu:
Habarini wakuu, wakubwa shikamooni.

Nauza viazi Uyole, kwetu ni Tukuyu. Mdogo wangu wa kike anafanya kazi Iringa na amepata mchumba Mwislamu, kijana mtaratibu, nimeshakaa naye nikamkubali. Jumapili barua ya posa imeletwa nyumbani. Baba alishatangulia, baba mdogo anaumwa, kwa hiyo msemaji nimebaki mimi.

Mama hajaifungua. Ameiweka mezani, juu yake ameweka Biblia. Nikimgusia, jibu ni lile lile: "Siwezi kumtoa mwanangu kwa watu wanaomtukana Yesu."

Mama ni wa Moravian tangu utoto, kanisa lililoingia kwetu Rungwe mwaka 1891. Najua neno hilo limetoka wapi. Nikiwa mdogo alikuwa anauza ndizi, siku moja mhadhara wa dini ukafanyika karibu na soko, spika zimeelekezwa kwetu. Alichosema yule mhubiri kuhusu Yesu mama hajawahi kukirudia. Alizifunika ndizi kwa kanga saa nane mchana, tukarudi nyumbani hatujauza hata nusu.

Jumamosi washenga wanafuata jibu. Naombeni mnieleze, Mwislamu anamwona Yesu kuwa nani hasa? Sitaki kumdanganya mama, na wageni nisiwavunjie heshima.

Mwalimu wa Kihesa:
Ndugu yangu, nafundisha madrasa hapa Iringa. Kwanza mpe mama pole, na ituingie sisi tunaoshika vipaza sauti.

Kumwamini Nabii Isa, amani iwe juu yake, kwetu si hiari. Anayemkana ametoka katika Uislamu. Qurani inamwita Masihi, na inamwita Neno kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Tunaamini alizaliwa na bikira bila baba, akasema angali mchanga mikononi mwa mama yake, akawaponya vipofu na wenye ukoma, akafufua wafu kwa idhini ya Mungu. Tunaamini yuko hai, alipaishwa, na atarudi kabla ya Kiyama. Bi Maryamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qurani, na sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Msomee mama sura hiyo kwa Kiswahili, tafsiri zipo.

Mlutheri wa Njombe:
Mwalimu kasema kweli, ila mkuu usimpelekee mama nusu. Kwa Mwislamu Yesu ni mtume mkubwa, si Mwana wa Mungu. Sura ya 112 inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Na sura ya 4, aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Kwa mtu wa Moravian, wanaokwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kutangaza ufufuko, hilo si jambo dogo hata kidogo. Akija kulisikia baada ya mahari kupokelewa, ataona wewe ndiye uliyemficha. Mwambie sasa, kwa kinywa chako.

Mwalimu wa Kihesa:
Ni sahihi, hapo ndipo njia zinapoachana. Sikutaka kulificha, nilianza na lile ambalo mama hajawahi kuambiwa.

Mama Wawili, Mafinga:
Mdogo wangu, mimi ni Mkatoliki, nimeolewa na Mwislamu mwaka wa kumi na nne huu, na misa nakwenda. Qurani yenyewe, sura ya 5 aya ya 5, inamruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wa Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Lakini swali la Yesu lisiwameze mkasahau maswali mengine. Binti ataachwa na dini yake au atatakiwa kusilimu? Watoto watalelewa dini gani? Ndoa ni ya bomani au ya kwa shehe? Sisi tulikwepa la watoto, likatugharimu miaka ya kununiana.

Halafu nikuambie kitu. Nilipojifungua wa kwanza, mama mkwe alikuja na tende kwenye bakuli dogo. Akanilisha moja moja huku ananisimulia: Bi Maryamu aliposhikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, aliambiwa autikise, tende mbivu zikamdondokea. Nilikuwa nimebatizwa Maria, na hadithi hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Nililia, yule mama akadhani ni maumivu.

Mzee wa Ruaha:
Maneno ya mhadhara ule kijana asibebeshwe. Hakuyasema yeye.

Kijana wa Tukuyu:
MREJESHO. Wakuu, ndaga fijo, asanteni sana.

Ijumaa usiku nilimweleza mama yote, na la msalaba sikuliruka. Alinyamaza, akaomba nimrudilie pale pa mtende.

Leo washenga wamekuja. Kabla hata chai haijamiminwa, mama akamuuliza mkubwa wao: "Baba, Yesu kwenu ni mtoto wa nani?" Mzee akavua kofia akaishika magotini. "Ni mwana wa Maryamu, mama. Bikira. Baba hana." Mama akauliza tena, "Na msalabani?" Akajibu, "Hapo hatukubaliani, na sitakudanganya nikiwa nyumbani kwako."

Mama aliinuka, akaiondoa Biblia akaipakata, akanipa barua niisome kwa sauti. Jibu tumewaambia wiki mbili. Keshokutwa anapanda basi kwenda Iringa, anataka yale maswali ya Mama Wawili amuulize binti yake mwenyewe.